Taa ya oili inawaka na kuzima kwenye Land Rover ya zamani: presha inatoka wapi, na inapotelea wapi

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu babu ameniachia Land Rover 109, Series IIA ya mwaka 1968, injini ya petroli ya lita 2.25. Asubuhi inawaka vizuri na taa ya oili inazimika upesi. Lakini nikitoka Ruaha Mbuyuni nikapanda mlima wa Kitonga, nikifika Ilula nikasimama huku injini inanguruma polepole, taa ya oili inaanza kuwaka na kuzima. Nikikanyaga mafuta kidogo inazimika kabisa. Fundi wa kwanza amesema pampu ya oili imekufa. Wa pili amesema nichanganye na oili ya gia namba 90. Wa tatu amesema taa za magari haya zinadanganya, nikate waya. Mimi nataka kwanza nielewe oili inatembeaje humo ndani, ndipo niamue. Msomaji, Iringa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kukataa kununua kitu kabla hujajua kinachoendelea. Mafundi wako wote watatu wameiangalia taa, na hakuna hata mmoja aliyepima presha. Tuanzie hapo kwenye presha, kwa sababu hilo jambo moja ukilishika, mengine yote utayaona mwenyewe.

Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapokutana na njia nyembamba inayoizuia kupita. Chukua mpira wa kumwagilia bustani: ukiuacha wazi, maji yanamwagika miguuni pako, ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba, yanaruka hadi ukutani, na bomba ni lile lile. Kwenye injini yako, kidole gumba ni beringi. Nafasi kati ya beringi na kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikiwa ndogo inavyotakiwa, oili inabanwa na presha inapanda. Beringi zikilika, oili inatoroka pembeni kirahisi, na presha inashuka hata kama pampu ni mpya kutoka kwenye boksi.

Sasa twende na oili tangu inapoanzia. Injini yako ni ya ukoo uliotoka na Series II mwaka 1958. Ina cc 2,286, na kranki yake inabebwa na beringi kuu, ziitwazo meini, tatu tu. Toleo la meini tano lilikuja mwaka 1980. Hilo la meini tatu lina maana, kwa sababu kila meini inabeba mzigo mkubwa kuliko ambavyo ingebeba kama zingekuwa tano. Sampu, yaani karai la oili chini ya injini, inakula oili kama lita 6, na ukibadilisha filta unaongeza karibu lita moja kasoro. Pampu inaning'inia ndani ya sampu, imezama kwenye oili. Ndani yake kuna gia mbili zinazokamatana. Zinavuta oili kupitia chujio la wavu na kuisukuma juu. Shafti inayoizungusha imesimama wima, na inaendeshwa na gia ya msokoto iliyopo kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu. Gia hiyo hiyo ndiyo inayoizungusha distribyuta, inayogawa moto kwenye plagi.

Hapo utaona kwa nini sikubaliani haraka na fundi wako wa kwanza. Kama injini inawaka, distribyuta inazunguka, na gia inayoendesha pampu inazunguka pia. Pampu ya namna hii haifi ghafla. Inalika polepole, miaka na miaka, na kwa kuwa inaogelea kwenye oili, mara nyingi ndiyo inayobaki na hali nzuri kuliko vyuma vingine vyote. Na kama ingekuwa imekufa, taa isingengoja ufike Ilula. Ingewaka asubuhi hapo nyumbani, na ndani ya dakika chache kranki ingekuwa imeng'ang'ania.

Kwenye mwili wa pampu kuna valvu ya kupunguza presha, ambayo ni goroli na springi iliyofungiwa kwa kizibo. Presha ikizidi, goroli inasukumwa nyuma na oili ya ziada inarudi kwenye sampu. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, valvu hiyo inafanya kazi kubwa. Injini ikishapata moto na ukawa umesimama, inatakiwa iwe imefunga kabisa. Ikinaswa wazi na kipande cha uchafu, sehemu ya oili inarudi kwenye sampu bila kupita popote, na utaona presha ndogo wakati wote, baridi na moto.

Kutoka kwenye pampu oili inakwenda kwenye kikombe cha filta kilichofungwa ubavuni mwa injini. Ikishachujwa inaingia kwenye njia kuu iliyotobolewa kwa urefu ndani ya bloku. Kutoka hapo inagawanyika. Inafika kwenye meini, na kwa kupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya kranki inafika kwenye beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na kranki. Nyingine inakwenda kwenye beringi za kamshafti. Kidogo kinakwenda kwenye kifaa kinachokaza cheni ya taimingi, ndiyo maana cheni hiyo inaweza kulia kidogo wakati wa kuwasha kabla presha haijafika. Nyingine inapanda hadi silinda hedi kulainisha shafti ya roka, vyuma vinavyosukuma valvu, kisha inateremka yenyewe hadi kwenye sampu. Kuta za silinda na pini za pistoni hazina bomba lake. Zinapata oili inayorushwa na kranki inapozunguka. Magari ya zamani zaidi yalitegemea urushaji huo kwa kila kitu. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na pampu ya oili kabisa: gurudumu zito la injini lilirusha oili juu, ikakingwa na kurudishwa mbele kwa bomba. Kwa mwendo wa gari lile ilitosha. Kwa injini inayovuta Land Rover yenye mzigo kupanda Kitonga, isingetosha.

Ndani ya beringi kwenyewe kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalitilii maanani. Kinachoibeba kranki isiguse beringi si presha ya pampu. Kranki inapozunguka inaikokota oili na kuiingiza kwa nguvu kwenye upande ule mwembamba, na hapo presha ya ndani inapanda kuliko chochote ambacho geji yako inaweza kuonyesha. Kazi ya pampu ni kuhakikisha kwamba oili mpya inafika kwa wakati kujaza ile inayotoroka pembeni, na kuondoka na joto. Kwa hiyo psi 10 (psi ndicho kipimo cha presha kwenye geji) wakati umesimama bila mzigo haziiui injini. Psi 10 ukiwa katikati ya mlima, gia ya pili, mafuta umekanyaga, hizo zitaiua.

Na nafasi yenyewe ni ndogo mno. Kwenye injini kama hii, beringi nzima ina nafasi ya mia chache za milimita, kama 0.02 hadi 0.06. Oili inayotoroka haiongezeki sawasawa na nafasi. Inaongezeka kwa nafasi iliyozidishwa mara tatu kwa yenyewe. Nafasi ikiwa mara mbili, oili inayopotea inakuwa mara nane, kama presha na uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kumiminika, ni ule ule. Ndiyo maana injini inaweza kukaa miaka na presha nzuri, kisha katika muda mfupi ikaanza kushuka kwa kasi inayomshangaza mwenye gari.

Sasa rudi kwenye safari yako. Ruaha Mbuyuni ni bondeni na kuna joto. Unapanda Kitonga kwa gia ndogo, injini inazunguka sana, upepo wa kuipoza ni mdogo. Oili kwenye sampu inapata moto, na uzito wake unaanguka vibaya. Oili ya 20W-50 (namba ya uzito inayoandikwa kwenye kopo) ikiwa na nyuzi joto 40 huwa na uzito wa sentistoki, kipimo cha ugumu wa kumiminika, kama 150. Ikifika nyuzi 100 inabaki na kati ya 16 na 22. Halafu unafika Ilula, unaachia mafuta, injini inashuka kwenye mizunguko 500 kwa dakika. Pampu sasa inasukuma robo tu ya oili iliyokuwa ikisukuma kwenye mizunguko 2,000, na oili yenyewe ni nyepesi, inatoroka kwenye kila beringi. Presha lazima ishuke. Swali la kweli ni imeshuka hadi wapi, na taa haiwezi kukujibu. Swichi za aina hii zinawasha taa presha ikiwa chini ya psi 7 hadi 10 hivi. Juu ya hapo, iwe psi 12 au 60, taa inakaa kimya.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima kwa geji ya bomba. Azima au nunua moja, ya mshale, inayopokea oili yenyewe kwa mpira, ya hadi psi 100. Swichi ya oili utaiona imefungwa kwenye kitako cha filta, ina waya mmoja. Itoe, funga bomba la geji mahali pake. Angalia nyuzi za skrubu zilingane kwanza. Usilazimishe, kwa sababu ukiharibu nyuzi hapo umejitafutia kazi nyingine. Laza mpira mbali na ekzosi. Kisha endesha gari nusu saa, mlima ukiwamo, hadi kila kitu kipate moto kweli. Kipimo cha injini baridi kinafurahisha macho tu.

Kiwango cha kiwanda kwa injini yako ikiwa moto, kwenye mizunguko 2,000, ni psi 35 hadi 65. Soma hapo, kisha soma kwenye mizunguko 1,000, kisha kwenye mwendo wa kusimama, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta. Ukipata 40 au zaidi kwenye 2,000 na 12 hadi 20 ukiwa umesimama, injini haina ugonjwa. Tafuta swichi mpya. Ukipata presha nzuri baridi, lakini moto haifiki 35 na ukisimama inalala chini ya 10, oili imekuwa nyepesi kupita kiasi au beringi zimelika. Ikiwa ndogo baridi na moto, mtuhumiwa ni valvu yenye goroli, wavu ulioziba, au pampu. Na mshale ukipanda vizuri halafu ukaanguka kila unapokata kona au kuongeza kasi, kuna oili kidogo au tope kwenye wavu, na pampu inameza hewa. Ikizidi 65 muda wote injini ikiwa moto, usishangilie. Valvu imenasa imefunga, na siku moja ringi ya mpira ya filta itasukumwa nje na oili yote itamwagika barabarani.

Angalia pia mwendo wa kusimama wenyewe. Nimeona Land Rover nyingi zilizoshushwa mwendo huo hadi zinakaribia kuzima, kwa imani kwamba zinaokoa petroli. Injini hiyo inatakiwa isimame kwenye mizunguko 500 hivi. Ikiwa yako iko chini ya hapo, taa ina haki ya kuwaka, na dawa yake ni skrubu ya kabureta.

Kuna jambo jingine la kukagua kabla hata ya geji, na halina gharama. Chomoa kijiti cha oili injini ikiwa imepoa, gari likiwa mahali tambarare. Tazama kimo, halafu nusa. Pampu ya petroli ya gari lako inaendeshwa na kamshafti na ina kiwambo cha mpira ndani. Kiwambo kikipasuka, petroli inaweza kuteremka kwenye sampu. Dalili yake inawapotosha watu: kimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, mwenye gari anafurahi kwamba injini haili oili, kumbe oili imegeuka maji. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe iliyo kavu uliache saa chache. Oili yenye afya inaacha doa linalofifia taratibu kuelekea pembeni. Yenye petroli inatengeneza duara pana, jepesi, la rangi hafifu kuzunguka doa. Yenye uchafu mwingi inaacha kitovu cheusi kama masizi kisichotawanyika. Ukikuta petroli, kwanza tengeneza pampu ya petroli, mwaga oili yote, weka mpya, ndipo upime presha. Huenda ugonjwa wako wote ukaishia hapo.

Sasa oili ya gia. Fundi wako wa pili ana nia njema, na ushauri huo umezunguka gereji nyingi, lakini ni mbaya kwa sababu mbili. Ya kwanza: namba 90 ya oili ya gia inatoka kwenye kipimo kingine kabisa. Ukizipima zote kwa nyuzi 100, oili ya gia 90 inakaribiana na oili ya injini namba 40 au 50. Kwa hiyo hata uzito anaoutafuta haupo. Ya pili ni ya hatari zaidi. Oili ya gia ina dawa za salfa kwa ajili ya meno ya difu, na dawa hizo kwenye joto la injini zinaweza kula madini laini ya njano kama bushi za shaba. Haina dawa za kusafisha wala za kuzuia tope kama oili ya injini. Ukiichanganya unapunguza nguvu ya oili nzuri uliyoilipia. Chupa zile nzito zinazouzwa kwamba zinazuia moshi na kuongeza presha nazo naziweka kundi hilo hilo. Zinapandisha mshale, hazirudishi chuma kilicholika.

Oili ninayokushauri ni 20W-50 ya madini, ya kawaida, kutoka duka unaloliamini, yenye kopo ambalo halijafunguliwa. SAE 40 inafaa pia kwa watu wa tambarare kwenye joto, lakini Iringa mwezi wa Juni na Julai alfajiri kuna baridi, na SAE 40 inachelewa kufika kwenye roka. Usimsikilize atakayekupa 5W-30 kwa sababu ni ya kisasa. Nafasi za injini yako hazikutengenezwa kwa oili nyepesi hivyo. Badilisha kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kama unakwenda sana barabara za vumbi kama ile ya kuelekea hifadhi ya Ruaha. Usijaze kupita alama ya juu. Kranki ikifika kwenye oili inaipiga hadi inatoa povu, na povu haliwezi kubeba beringi.

Utasikia pia habari za zinki, kwamba oili za siku hizi zimepunguzwa zinki, dawa ya kukinga chuma kisilike, na zinakula kamshafti za magari ya zamani. Kwa magari ambayo tepeti zake, vyuma vinavyosukumwa na kamshafti, zinakwaruza moja kwa moja kwenye kamu, kama Volkswagen Beetle, hofu hiyo ina msingi. Injini yako ina rola ndogo zinazoviringika juu ya kamu. Kwa hiyo usilipie bei kubwa kwa ajili ya zinki peke yake. Fedha hiyo iweke kwenye filta nzuri.

Na filta nataka nikae nayo kidogo, maana ndipo injini nyingi nzuri zinapoharibikia. Filta yako ni ya karatasi, inakaa ndani ya kikombe cha chuma kinachofungwa kwa boliti moja ndefu ya katikati. Juu, kwenye kitako, kuna mfereji wa duara, na ndani ya mfereji huo kuna ringi ya mpira. Ringi hiyo ikizeeka inakuwa ngumu na nyeusi kama chuma chenyewe, hata mtu anaweza kuitazama asiione. Fundi mwenye haraka anaweka ringi mpya juu ya ile ya zamani, anakaza, injini inawaka, hakuna tone. Siku mbili baadaye, presha ya asubuhi inaisukuma moja itoke, na oili inamwagika kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo chukua kitu chenye ncha kisichokwaruza, zungusha kwenye mfereji, hakikisha umeitoa ya zamani, ndipo uweke mpya ukiipaka oili kidogo. Ndani ya kikombe, chini, kuna springi na washa zinazoisukuma filta ikae juu vizuri. Zikikosekana, na zinakosekana mara nyingi kwa sababu zinatupwa pamoja na filta ya zamani, oili inapita pembeni ya karatasi bila kuchujwa. Gari linatembea, taa inazima, mwenye gari hajui kwamba mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye meini. Kikombe kinafungwa kikiwa kimesimama mdomo juu, kwa hiyo unaweza kukijaza oili nusu kabla ya kukirudisha. Presha inafika mapema zaidi.

Kwa vumbi letu, chunguza na kisafisha hewa. Chako ni cha kuoga oili, vumbi linanaswa kwenye oili iliyo chini yake. Ukiona imekuwa uji, mwaga, osha, weka mpya hadi kwenye alama. Vumbi linaloingia kwa kabureta linaishia kwenye oili ya injini, na punje zake zinajichimbia kwenye madini laini ya beringi na kuendelea kuichonga kranki kila inapozunguka.

Tuseme umepima, oili ni safi, haina petroli, na geji inasema psi 25 kwenye mizunguko 2,000, na 6 ukisimama. Hapo fungua sampu. Habari njema ni kwamba kwenye gari lako huhitaji kuishusha injini. Mwaga oili, fungua boliti zinazozunguka, sampu inashuka. Tazama kwanza kilichobaki chini yake. Tope jeusi laini ni la uzee na oili iliyochelewa kubadilishwa. Vipande vinavyong'aa rangi ya fedha au shaba ni beringi. Pitisha sumaku: chuma kitanaswa, madini ya beringi hayanaswi.

Shusha pampu, osha wavu, fungua kile kizibo utoe springi na goroli. Goroli iwe laini na ya mviringo kamili, kikalio chake kisiwe na mkwaruzo. Tazama gia za pampu na kifuniko chake. Ukiona mfereji uliochimbika unaoushika kwa ukucha, hapo ndipo pampu mpya ina sababu.

Kisha fungua kofia ya beringi moja ya konrodi, na moja ya meini, ya katikati, maana kwenye kranki ya meini tatu ndiyo inayoteseka zaidi. Beringi nzuri ina rangi moja ya kijivu iliyofifia. Ikionyesha shaba kwa chini, imekwisha. Nafasi unaweza kuipima kwa ule uzi laini wa plastiki unaouzwa kwa kazi hii: unaulaza juu ya kranki, unafunga kofia kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, unafungua tena, unalinganisha upana wake na karatasi yake. Usiizungushe kranki wakati uzi uko ndani. Kama kranki yenyewe ni laini na ya duara, unaweza kubadilisha beringi peke yake kwa saizi ile ile uliyoikuta. Namba ya saizi imegongwa mgongoni mwa beringi ya zamani: 10, 20, 30 au 40, yaani elfu za inchi ambazo kranki imeshachongwa. Ukiikuta 40, hakuna kuchonga tena. Anza kutafuta kranki nyingine. Usimruhusu mtu aweke karatasi ya bati nyuma ya beringi ili kuibana. Inapunguza nafasi kwa siku chache na inazuia joto kutoka, halafu beringi inazunguka ndani ya nyumba yake na bloku inaharibika pia.

Ukishafunga, usiwashe mara moja. Toa plagi zote nne, zungusha injini kwa stata au kwa hendeli ya mbele, taratibu, hadi geji ipande au taa izime. Ndipo urudishe plagi na uwashe.

Kwa fundi wa tatu: usikate waya. Taa ikikudanganya, ipime ndani ya dakika moja. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake. Chomoa waya kwenye swichi ya oili, lazima izime. Gusisha waya kwenye chuma cha injini. Lazima iwake tena. Ikifaulu yote matatu, waya na balbu ni vizima, na lililobaki ni swichi au presha. Na kama una uwezo, iache ile geji ya mshale iwe ya kudumu, na taa ibaki pale pale.

Matone utakayoyaona chini ya gari, katikati, pale injini inapoungana na gia boksi, yanatoka kwenye tundu dogo. Tundu hilo limewekwa makusudi ili oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya kranki isifike kwenye klachi. Lina kizibo chake, na kinafungwa tu wakati wa kuvuka mto wenye maji mengi, kisha kinatolewa. Ukikuta babu au fundi fulani amekiacha humo, kifungue leo.

Usipande tena Kitonga kabla ya kupima. Safari fupi za mjini kwa mwendo wa pole unaweza kuendelea nazo, mradi taa inazima mara tu unapoongeza mafuta na husikii kugonga kutoka chini. Ukisikia kugonga kuzito kunakoongezeka unapokanyaga mafuta, zima papo hapo na uvutwe. Ukishapata namba zako tatu, yaani presha ya moto kwenye 500, 1,000 na 2,000, niandikie pamoja na aina ya oili iliyomo na saizi ya beringi kama umefungua. Kwa hizo nitaweza kukuambia kama ni swichi, ni goroli, au ni kranki ya kupelekwa kuchongwa.